Dozi ya kifua kikuu imekwisha na kikohozi kipo: je, yaweza kuwa sakoidosisi?

Muulizaji:
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Dada yangu wa miaka 38 ana kikohozi kikavu tangu mwaka jana, na eksirei ilionyesha tezi zimevimba pande zote mbili za kifua. Makohozi yalipimwa mara mbili kwa GeneXpert bila kuonekana vimelea, lakini alianzishiwa dawa za kifua kikuu, akazimeza miezi yote 6. Bado anakohoa, na sasa jicho moja ni jekundu na linauma. Daktari mwingine anashuku sakoidosisi, yaani ugonjwa usioambukiza ambao kinga ya mwili huleta uvimbe kwenye viungo, na anataka kuchukua kinyama kwenye tezi hizo. Mama anaogopa. Je, kuna ulazima?

Tabibu:
Poleni sana. Ulazima upo. Magonjwa haya mawili hufanana mno kwenye picha, na yote hujenga vijivimbe vya seli za kinga viitwavyo granuloma. Tofauti huonekana kwa darubini, kwa kuwa vya kifua kikuu aghalabu hufa katikati na kulainika kama maziwa yaliyoganda, ilhali vya sakoidosisi kwa kawaida havifanyi hivyo. Ombeni kinyama hicho kioteshwe pia maabara ili kuona kama vimelea vya kifua kikuu vitakua, kwa sababu prednisoloni, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya sakoidosisi, hushusha kinga na yaweza kukichochea kifua kikuu kilichojificha. Jicho lisisubiri majibu: aonwe na daktari wa macho wiki hii, maana uvimbe wa ndani ya jicho hupofusha. Apimwe pia umeme wa moyo, maana sakoidosisi yaweza kugusa moyo.

Mgonjwa mwenzake:
Naishi na ugonjwa huu tangu 2017. Nilianza na miligramu 30 za prednisoloni kwa siku, nikapata nafuu, nikaziacha ghafla bila kumwuliza daktari. Nililala siku nne sina nguvu ya kusimama, kwani mwili ulikuwa umeacha kutengeneza homoni yake. Nakusihi, dada apunguziwe polepole. Wala asinunue vidonge vya vitamini D kiholela, kwa kuwa sakoidosisi yenyewe yaweza kupandisha kalsiamu mwilini, na vitamini D huizidisha.

Muulizaji:
Asanteni. Tumeambiwa wengine hupona bila dawa?

Tabibu:
Ni kweli, wengi hupona wenyewe, na asiye na dalili hufuatiliwa tu. Lakini jicho likithibitika kuhusika, dada hatangoja. Prednisoloni isipotosha, mara nyingi huongezwa methotreksati, ambayo humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo amweleze daktari mapema kama anatarajia kuzaa.

Muulizaji:
Mama amekubali. Kesho asubuhi tunaanzia kwa daktari wa macho.