Kituo cha afya kipya, majengo yapo, watumishi hawakai. Mnawapataje na mnawafundishaje?

Mfawidhi_Magharibi:
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni mganga mfawidhi wa kituo cha afya huku mkoani Tabora. Tulikuwa zahanati tukapandishwa hadhi, majengo tumejengewa, maabara ipo, wodi ya wazazi ipo, jengo la upasuaji lina kitanda na ile taa kubwa bado iko kwenye nailoni yake. Shida ni watu. Kila mwaka kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi tunaotakiwa kuwa nao, tunaonekana pungufu, halmashauri inaomba kibali cha kuajiri, ajira zikitoka tunapangiwa wawili watatu, mmoja haripoti kabisa, mwingine anaripoti anapata cheki namba yake ya mshahara anatulia mpaka anathibitishwa kazini halafu ndio barua za uhamisho zinaanza, mara anamfuata mwenza, mara mzazi mgonjwa. Sasa hivi usiku wodi ya wazazi iko na mkunga mmoja na mhudumu wa afya mmoja, akipata mama anayetokwa damu na mtoto asiyelia kwa wakati mmoja inabidi achague amshike nani kwanza. Hilo linaninyima usingizi kuliko kitu kingine chochote.

Na mafunzo nayo ni hivyo hivyo. Semina ikija anaitwa mtu mmoja, anakwenda mjini siku tano, anarudi na begi na cheti, sisi wengine hatujui alichofundishwa, na mara nyingi huyo huyo ndio anahama. Mlioweza huko kwenu mlifanyaje? Na mtu wa usingizi, yule wa kumlaza mgonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji, anapatikanaje?

Mkunga_Manyara:
Pole daktari. Naanza na mafunzo maana hapo huhitaji kibali cha mtu yeyote.

Huku kwetu Haydom, hospitali ya Kilutheri pale Mbulu, waliligundua hili zamani. Mwaka 2010 watumishi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Walipopimwa tena baada ya miezi kadhaa kwenye mwanasesere walikuwa wanafanya vizuri kuliko mwanzo, lakini kule wodini kwa watoto wenyewe hakuna kilichobadilika. Ndio wakabadili mtindo, mazoezi mafupi mafupi ya mara kwa mara pale pale wodi ya wazazi, mwanasesere na ambu bagi, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, viko mezani muda wote. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka kama 11 hadi kama 7 kwa kila watoto 1,000. Watumishi wale wale, hospitali ile ile. Baadaye mradi wa Safer Births ukapeleka mtindo huo kwenye vituo 30 vya mikoa mitano, na Tabora yenu imo, kwa hiyo uliza kwa RMO, mganga mkuu wa mkoa, hapo mkoani utapata watu wa kukufundishia bila kwenda mbali.

Sisi kwetu tunafanya hivi: wakati wa kukabidhiana zamu, dakika chache tu, anayeingia anaambiwa "mtoto huyu hajalia, fanya". Tunamwangalia. Amemkausha? Kichwa amekiweka sawa au amekipindua sana nyuma? Barakoa imefunika pua na mdomo bila kugusa macho? Kifua kinapanda au hewa inatokea pembeni? Kama hakipandi atuambie anarekebisha nini kwanza. Ndani ya dakika moja ya kwanza awe ameshaanza kupuliza, pumzi 40 kwa dakika. Akikosea hatumchambi, anarudia. Na mhudumu wa afya naye anafanya, kwa sababu hiyo siku uliyoisema ya mama na mtoto kwa pamoja, yeye ndio mkono wa pili. Siku nyingine tunafanya mama anatokwa damu, nani anakanda mfuko wa uzazi, nani anachoma oksitosini ya kuzuia damu, nani anapiga simu ya gari. Tena mngeanza na hiyo.

Akirudi mtu wa semina mpe wiki nzima ya kufundisha wenzake kwenye zamu, iwe sharti kabla hajaenda.

KaimuKatibu_Afya:
Mkuu umeongelea kibali ukakiacha hapo. Kibali cha Utumishi ni cha ajira za kudumu, hilo huna la kufanya zaidi ya kuhakikisha mahitaji yako yanaingia kwenye ikama mapema na yameandikwa kwa kada, yaani wauguzi wangapi, matabibu wangapi, sio "watumishi 12" tu. Lakini tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha zinakuja moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo na hesabu zinaingizwa FFARS, ule mfumo wa hesabu za vituo, na kamati ya usimamizi ya kituo ina sauti kwenye mpango. Kama makusanyo yenu yanaruhusu unaweza kuweka kwenye mpango watu wa mkataba, mtunza takwimu kwa mfano. Hata huyo mmoja tu akipatikana, mkunga wako ataacha kukesha anajaza MTUHA namba 12, rejista ya wanaojifungua, wakati kuna mama kitandani. Pitisha kwenye kikao, muhtasari usainiwe, upeleke kwa DMO, mganga mkuu wa wilaya, kabla mpango haujafungwa, ukichelewa umekosa mwaka mzima.

La pili, watafute watoto wa hapo hapo. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2010 na ule wa 2021 wanasema wazi kwamba mwanafunzi aliyetokea kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi kijijini, na mimi nimeliona kwa macho. Ongea na mkuu wa shule ya sekondari ya kata, wale waliofaulu fizikia, kemia na baiolojia kidato cha nne waelekezwe vyuo vya afya. Mkopo wa serikali kwa stashahada ulianza 2023/24 na fani za afya zimo, wazazi wengi huko vijijini hawajui kabisa, wanadhani ni chuo kikuu tu. Ni kazi ya miaka, lakini ungeanza mwaka ule mlipopandishwa hadhi sasa hivi ungekuwa na tabibu aliyezaliwa kata hiyo hiyo.

Sr_Neema_wa_Zamu:
Naomba niseme kama mtu niliyewahi kuhama. Nilipangiwa kituo cha mbali, nilifika jioni na begi langu hakuna aliyejua nakuja, nikalala kwenye chumba cha chanjo. Nyumba niliyotafutiwa baadaye haikuwa na mlango wa nyuma, na mimi ni binti peke yangu naitwa usiku kuzalisha nipite porini na tochi. Fedha za kujikimu zilichelewa mpaka nikakopa kwa muuza duka. Niliomba kuhama na ningeomba tena.

Kwa hiyo kaka mfawidhi, kabla mtumishi hajaripoti mpigie simu, majina si yanatoka na kituo alichopangiwa. Mwambie gari linashuka wapi na nani atampokea. Mwenyekiti wa kijiji ajue. Nyumba iwe na kitasa, maji na taa ya sola. Wiki za kwanza usimweke usiku peke yake, hata kama mko wachache, maana kijana katoka chuo juzi ukimwachia wodi na mama akafia mikononi mwake, huyo umeshampoteza hata kama mwili wake bado uko hapo kituoni.

Na hawa wanaojitolea msiwachoshe jamani. Mtu ana leseni ya baraza la taaluma yake, anafanya zamu sawa na mwajiriwa, mwaka unaisha hana hata nauli. Kama kituo hakiwezi kumlipa posho ya kueleweka aambiwe mapema, na apewe barua ya uzoefu inayomsaidia kuomba ajira.

Wafula_254:
Jirani hapa Kenya. Sisi pia tunalia na nurses wachache kwa dispensary, lakini kitu imetusaidia ni kutowaachia kazi yote ndani ya kituo. Tangu Septemba 2023 tuko na CHPs, wahudumu wa afya wa mtaani, karibu laki moja nchi nzima, wanapewa begi ya vifaa wanapima presha na sukari nyumbani kwa watu, na posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kaunti nusu serikali kuu. Ikichelewa mnaona kazi inalala, kwa hivyo pesa ni lazima. Lakini mama mjamzito akifuatiliwa nyumbani anakuja kliniki mapema, haji saa nane usiku na hali mbaya. Huko kwenu hamna?

KaimuKatibu_Afya:
@Wafula_254 tunao ndugu yangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango mpya ulizinduliwa Januari 2024, lengo ni 137,294 ndani ya miaka mitano, wanasoma miezi sita, nusu darasani nusu vitendo, na wanachaguliwa na wananchi wa kitongoji chao wenyewe. Mfawidhi, hao wa vitendo omba waletwe kwako, na mkutano wa kijiji wa kuwachagua uhudhurie, wasije wakachagua mtoto wa mtu tu.

Dr_Kilombero:
Nijibu la usingizi maana naona limerukwa. Kosa kubwa ni kupeleka mtu mmoja kusoma. Pale Ifakara, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, walikuwa wanachukua timu kutoka vituo vya afya, daktari msaidizi anafundishwa upasuaji wa uzazi na mwenzake anafundishwa usingizi, miezi mitatu, wanarudi pamoja wanaanza kazi pamoja. Ukimsomesha mpasuaji peke yake atakaa bila kazi, ukimsomesha wa usingizi peke yake naye atakaa bila kazi, na mikono inasahau haraka sana. Kwa hiyo omba nafasi mbili kwa mpigo, ikiwezekana nne, ili mmoja akienda likizo jengo lisifungwe. Chagua muuguzi mwenye familia yake hapo, aliyejenga au mwenye shamba, hata kama sio aliyekuwa wa kwanza darasani. Na kabla hawajarudi hakikisha una oksijeni na friji ya damu inafanya kazi, wasije wakakaa miezi wanasubiri.

Mfawidhi_Magharibi:
Asanteni sana wakuu, Sr Neema wewe umenigusa zaidi. Kamati inakaa wiki ijayo, nyumba naiweka ajenda ya kwanza kabla ya rangi ya jengo la OPD, la wagonjwa wa nje, waliyokuwa wanaitaka. Mkunga, huyo mwanasesere kama hatuna tuanze na nini?

Mkunga_Manyara:
Funga kanga iwe na kichwa na kifua, mfanyie zoezi la kukausha, kuweka kichwa na kushika barakoa. Kifua hakitapanda, hilo litasubiri mwanasesere mwenyewe, lakini kwa dakika ile ya kwanza mikono itakuwa imeshajua inaanzia wapi. Ambu bagi ya mazoezi iwe yake peke yake, ile ya watoto isiguswe. Anzeni zamu ya leo usiku.