Asilimia 30 ya zabuni kwa wanawake: huku Nyanda za Juu Kusini wanatumia majina yetu tu

Wakuu salaam. Leo sizunguki, yamenifika shingoni.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa Mafinga, tunatengeneza madawati, meza na viti. Mbao za paini ziko mlangoni, msitu wa Sao Hill huo hapo, na mashine ya kuranda tunayo. Mwenzetu mmoja anatumia kiti mwendo, ndiye anayesimamia vanishi, na hakuna fundi mtaani anayemfikia. Anayesema wanawake hawawezi kazi za Serikali aje karakana ajionee.

Sheria ipo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Na sisi tumetimiza yote: usajili kwa afisa maendeleo ya jamii, TIN, leseni, na akaunti ya NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea zabuni za Serikali.

Tukashinda zabuni ya madawati kwenye halmashauri moja ya mikoa hii, jina lake naliacha. Kwenye mkataba wetu hakukuwa na malipo ya awali. Benki ikataka hati ya kiwanja, na huku viwanja vingi vimeandikwa jina la mume au baba mkwe, hata kama tofali zote umefyatua wewe. Tukaishia kwenye mikopo ya mtaani ya kausha damu, riba inahesabiwa kila wiki.

Mzigo ukafika. Kamati ya mapokezi ikakagua dawati moja moja, wakayapindua miguu juu kuangalia kama misumari imezama, wakasaini. Hakuna hata moja lililorudishwa. Mkataba unasema malipo ndani ya siku 30. Ukienda kwa afisa ununuzi, faili liko kwa mweka hazina. Ukienda kwa mweka hazina, fedha hazijaingia. Ikafika Juni 30, mwaka wa fedha ukafungwa, tukaambiwa sasa hilo ni deni, tusubiri uhakiki. Uhakiki wa nini? Watoto wanayakalia kila siku, wengine washachonga majina yao juu yake!

TRA yenyewe haisubiri. Risiti ya mashine ya EFD tulishatoa, mauzo yamehesabika, kodi ya awamu inadaiwa. Na hela ikija itakatwa asilimia 2 ya kodi ya zuio.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Halmashauri hizi hizi ndizo zinazotoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa kwa muda Aprili 2023, lakini waliokuwa wanadaiwa waliendelea kudaiwa. Ukichelewesha rejesho, afisa anakufuata mpaka nyumbani, jina lako linasomwa kwenye kikao. Wao wakikuchelewesha, unaambiwa mama, uwe na subira. Kwa nini deni lao kwangu lisikatwe kwenye rejesho langu kwao?

Sasa msikilize huyu bwana. Ana duka la vifaa vya ujenzi, ana Fuso zake. Alipopata habari kwamba tumekwama alikuja karakana, akavuta kiti, akasema: "Mama zangu, ninyi mna sifa, mimi nina mtaji. Nipeni nywila yenu ya NeST. Zabuni naomba mimi, mzigo napeleka mimi, ninyi mnapata chenu mkiwa mmekaa." Tulimkatalia. Kikundi kingine tunachokifahamu kilikubali, na siwalaumu, maana mkopeshaji alikuwa anachukua vyombo vya ndani. Kwenye taarifa itaandikwa akina mama wamepewa zabuni, makofi yatapigwa. Fedha iko kwa yule bwana, kwa sababu yeye anaweza kukaa mwaka mzima akisubiri malipo na duka lake halitikisiki. Kuchelewesha malipo ndiko kunakotuondoa sisi na kumwingiza yeye. Kwa hiyo msituletee tena semina za mfumo na posho za nauli. Mfumo tunaujua, tumeutumia, tumeshinda. Tulipeni.

Na zile zabuni zinazofungashwa pamoja! Samani za shule zote zinawekwa kwenye zabuni moja, kisha unadaiwa uzoefu wa mikataba mikubwa ambao kikundi hakiwezi kuwa nao. Tunaachiwa chai za vikao na usafi wa ofisi.

Ninachotaka kinafanyika kesho asubuhi kama nia ipo. Kila halmashauri ibandike kwenye ubao wa matangazo: kikundi gani kilipata nini kwenye ile asilimia 30, mzigo ulipokelewa lini, fedha ililipwa lini. Na kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, vikundi vilipwe kwanza, wazabuni wakubwa wafuate. Madiwani mnaosoma hapa, liulizeni hili kwenye baraza, na majibu mtuletee hapa hapa.

Walioko Njombe, Makete, Kilolo, Rungwe, Mbarali: mnadai tangu lini? Kuna aliyewaomba nywila? Semeni, majina ya watu msitaje.

Kuishtaki halmashauri kunataka notisi ya siku 90, halafu Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Kikundi kimoja hakiwezi gharama hizo, vikundi kadhaa vinaweza. Wakili wa Iringa au Mbeya aliye tayari kutuandikia notisi ya pamoja, njoo PM. Nyaraka zote ninazo, mpaka hati ya mapokezi yenye sahihi za kamati.