Ndoto za utotoni na kiu ya roho

Swali (Kigamboni): Ndugu zangu, nilipokuwa mtoto kwa bibi yangu Mbagala niliota mara kwa mara nikipaa juu ya minazi kuelekea kwenye mwanga, na hadi leo ndoto hiyo hunijia ninaposali. Je, ni kiu ya roho au ni mchezo wa akili tu?

Jibu (Ilala): Nabii Yusuf aliota nyota 11, jua na mwezi vikimsujudia, na baba yake hakuipuuza ndoto hiyo bali alimwonya asiwasimulie ndugu zake. Hata hivyo, hadithi za Mtume zinagawa ndoto mafungu 3: bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, vitisho vya shetani, na mazungumzo ya nafsi. Usikimbilie mfasiri wa kulipwa (mjini hapa wamejaa).

Jibu (Ubungo): Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, aliyeendesha semina za ndoto za watoto mjini Zürich kuanzia 1936, aliamini kwamba ndoto za utotoni zinazokumbukwa maisha yote hutoka katika kina cha nafsi. Mwanasaikolojia David Foulkes, aliyewaamsha watoto usiku maabarani ili wasimulie ndoto zao, alikuta wale wa miaka 3 hadi 5 wakisimulia ndoto chache, fupi, zisizo na mwendo. Kwa hiyo huenda kupaa kwako kumekua pamoja nawe. Mimi ningejiuliza kwa nini umeihifadhi ndoto hii ukazisahau nyingine.

Mwuliza: Ahsanteni. Labda ni kwa sababu katika ndoto ile sikuwahi kuufikia mwanga.