Fernando Fernán Gómez: mpinzani wa Franco au mnufaika wake?

Wakuu, heshima kwenu. Tuchambue hili bila matusi. Novemba 2007, Fernando Fernán Gómez alipofariki Madrid, mwili wake uliagwa katika ukumbi wa maigizo wa Teatro Español, jeneza likiwa limefunikwa bendera nyekundu na nyeusi ya waanakisti, yaani wanaopinga utawala wa dola. Je, mwigizaji aliyepata jina kwa filamu zilizoupendeza utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, aliistahili bendera ile?

Mimi nasema aliistahili. Alizaliwa 1921 Lima, Peru, mama yake akiwa kwenye ziara ya maigizo, akakulia Madrid. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alijifunza uigizaji katika shule ya CNT, muungano wa wafanyakazi wa kianakisti. Vita vikaisha 1939, upande ule umeshindwa na Franco, naye ana miaka 17. Kazi aliyoijua ni kuigiza, akaigiza. "Balarrasa" ya 1951, ya askari anayegeukia upadri, anasutwa nayo mpaka leo. Ni kweli aliicheza, tena vizuri mno.

Sasa tazameni alichofanya alipokuwa mwongozaji. "El mundo sigue", 1963: dada wawili wa familia ya kawaida Madrid, wanachukiana hadi kupigana, mmoja ameolewa na mcheza kamari, mwingine anapanda ngazi kwa mgongo wa wanaume wenye fedha. Baba ni askari wa manispaa, kaka ni mcha Mungu, na hakuna anayemsaidia mwenzake. Wadhibiti wa filamu wa serikali waliibana, ikaja kuonyeshwa mjini Bilbao 1965 na kupotea. Imerudi kwenye majumba ya sinema 2015, yeye keshazikwa. "El extraño viaje" ya 1964 nayo ikakaa kabatini miaka kadhaa. Mnufaika gani hutendewa hivyo?

Mchangiaji wa 2: Mkuu, hapo umeruka. Kubanwa na wadhibiti hakumfanyi mtu mpinzani, maana walibanwa wengi. Mwongozaji Juan Antonio Bardem alikuwa mkomunisti wa chama, akakamatwa 1956 akiwa katikati ya kupiga filamu. Mwongozaji Luis Buñuel aliishia Mexico. Huyu wako alilala rumande lini? Bendera ile wapewe waliolipa.

Mchangiaji wa 3: Nyie mnabishania siasa, mimi nawaambia tazameni "El viaje a ninguna parte" ya 1986. Waigizaji wanazunguka vijijini na njaa yao huku sinema ikiwanyang'anya watazamaji. Tuzo za Goya, za filamu za Hispania, zilipoanza 1987 ilibeba filamu bora, uongozaji na mswada, na usiku huohuo akachukua ya mwigizaji bora kwa filamu nyingine. Basi.

Mleta mada: Mchangiaji wa 3, tuzo hazijibu swali, japo filamu ni tamu kweli. Wa 2, la Bardem lina uzito, nakubali. Ila ukifanya rumande kuwa kipimo, utawafuta karibu waigizaji wote waliobaki Hispania, na si kila mtu alikuwa na pa kukimbilia.

Ningekuwa upande wako ningeshika hili: tamthilia yake "Las bicicletas son para el verano", inayoionyesha Madrid ya wakati wa vita, ilipanda jukwaani 1982, Franco keshakufa zaidi ya miaka sita. Alisubiri hatari ipite, au ilikuwa haiwezekani kabla ya hapo? Mwenye hoja aje nayo.