Mjadala: Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu asome mtaala wa nani?

Naleta hoja, karibuni tuvutane. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita Kivu Kusini. Aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mzazi, na wanawe wanasoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, wakijiandaa kurudi nchi ambayo mama yao mwenyewe haijui.

Kwenye matibabu hatuna ubishi huo. Mtoto wa kambini akishikwa na malaria hupewa mseto uleule wa mtoto wa Makere, kijiji jirani, na watu wa Makere nao huja kutibiwa kambini. Nilisimama dirisha la dawa siku moja: mhudumu anamwambia binti, "Viwili asubuhi, viwili jioni, ule kwanza." Binti kaitika. Kwapani kabana daftari la hesabu, maswali yote Kifaransa. Mama yake akacheka, akasema hapo ndipo yeye huomba udhuru.

Wakimbizi wa kambi za Kakuma na Dadaab, Kenya, wanasoma mtaala wa Kenya na kufanya mitihani ya Kenya. Sisi tunangoja nini?

— Ndugu, umewasahau Warundi waliokimbilia Tanzania 1972. Watoto wao kule kwenye makazi ya Katumba na Mishamo walisoma kama Watanzania. Familia ziliporudi kwao, vijana wakakuta shule ni Kirundi na Kifaransa. Wengi walikwama hapo.

— Hao ni waliorudi. Na waliobaki? Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania. Mtaala ule haukuwapotezea kitu.

— Hakuna aliyejua nani atarudi na nani atabaki, ndiyo shida yenyewe.

— Mimi ni mwalimu huko huko kambini. Mnabishania mtaala, mimi nina darasa la zamu mbili, vitabu vya kugombania. Walimu wengi ni wakimbizi wenzao, tumesomea Kifaransa. Mkibadilisha kesho, nani atashika chaki?

Mwalimu, hapo umenibana. Basi madarasa ya chini yaanze kwa Kiswahili, maana hata Kongo ni moja ya lugha nne za taifa, Kifaransa kifuate. La cheti kitambulike Kigoma na Uvira, Kongo, pia, hilo bado sijalipatia dawa.

— Kiswahili? Mbona tunafundishia siku zote, mkaguzi akishageuza mgongo.