Naombeni ushauri: dawa gani ya maumivu nibebe kwa safari ya siku 9?

Tausi Mkimya

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu, nimekwama na siku zinakimbia.

Nina maumivu sugu, huu ni mwaka wa nne. Kiuno, nyonga, na nyayo zinazowaka usiku kama nimekanyaga makaa. Wiki 3 zijazo nina safari ya siku 9: ndege mbili, halafu basi la mwendo wa saa 6. Natumia amitriptilini kila usiku na parasetamoli mchana, ila kwa safari ndefu hivyo najua havitanifikisha. Swali langu ni moja tu: dawa gani yenye nguvu nibebe, inipeleke na kunirudisha bila watu kujua kwamba naumwa?

Tumbo nalo linanisumbua kidogo, ila hilo nalimudu. Asanteni.

Msafiri wa Mbali

Pole sana dada. Mgongo wangu una miaka saba na safari sijaacha. Kidonge peke yake hakikufikishi. Chukua kiti cha kando ya njia ili usimame mara kwa mara bila kuruka magoti ya watu. Ukikata tiketi, omba na msaada wa kiti cha magurudumu uwanjani. Huo si wa wasioweza kutembea kabisa tu, hata asiyeweza mwendo mrefu anapewa.

Mara ya kwanza niliona aibu, nikashusha kofia mpaka puani. Kijana aliyekuwa ananisukuma akawa anapunguza mwendo kila tukifika kwenye maungio ya sakafu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Hapa ndipo wenye migongo hushika pumzi." Tangu siku hiyo naomba bila kusita.

Halafu siku ya kufika usipange kitu. Ya pili ukiamka mzima, usiimalize nguvu yote, utailipa siku ya tatu kitandani.

Mzee Mtulivu

Binti, mnakimbilia sana vidonge. Marehemu mama yangu aliishi na miguu ya kuuma miaka 20. Alitembea asubuhi na jioni, akalala mapema, na hakumficha mtu. Wewe unaficha ili iwe nini? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Muuguzi wa Zamu

Kabla hujatajiwa dawa na mtu yeyote humu, nijibu mawili. Tumbo "kidogo" maana yake nini, na umepimwa? Na je, kuna dawa nyingine unayo tayari hujaitaja? Nauliza kwa sababu ibuprofeni na jamii yake huchubua tumbo na utumbo, na mtu akiwa anaharisha huweza kuumiza na figo.

Tausi Mkimya

Nimepimwa. Miaka 2 iliyopita niliambiwa nina ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo wangu unaumizwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kipimo cha damu kilionyesha, nikapitishwa kamera, wakachukua vinyama vya utumbo mpana, ikathibitika. Nyumbani sigusi ngano, shayiri wala rai. Tumbo limetulia, ndiyo maana sikuona haja ya kulitaja. Maumivu yamepungua lakini hayajaisha. Daktari alisema mishipa ya fahamu iliumia kabla ugonjwa haujajulikana, na vitamini D ilikuwa chini kabisa.

Dawa nyingine ninayo. Ni tramadoli, zile za maumivu makali, alizoacha baba yangu alipofariki. Nimeshazihamishia kwenye mkebe wa vitamini.

Muuguzi wa Zamu

Dada, tulia unisome taratibu.

Tramadoli na amitriptilini zikikutana mwilini zinaweza kuleta degedege, na pia kupandisha serotonini, kemikali ya ubongo na neva, hadi mtu akatetemeka, akapata joto kali na kuchanganyikiwa. Kuna wanaopewa zote mbili, ila kwa uamuzi wa daktari anayewafuatilia. Hiyo si dawa ya kujianzishia ukiwa ndani ya basi.

Pili, mpakani. Tramadoli inadhibitiwa katika nchi nyingi. Misri na Falme za Kiarabu ni wakali kwa hilo, na hata kama unapita tu kubadilisha ndege, angalia sheria zao mapema kwenye ubalozi. Wewe una vidonge vya mtu mwingine, bila cheti, ndani ya mkebe wa vitamini. Afisa atakayefungua mkebe ule hataona mtoto aliyefiwa na baba. Dawa inasafiri ndani ya pakiti yake, yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasi, pamoja na barua ya daktari, kwenye begi la mkononi.

Mama Pacha

Mwanangu mmoja ana siliaki, mwenzake hana, kwa hiyo jiko langu nalijua hadi kwenye nyufa za mwiko. Wote mmeongelea vidonge. Mimi nauliza: huko unakokwenda utakula nini?

Kwenye ndege agiza mlo usio na gluteni, alama yake ni GFML. Uagize siku 2 kabla au zaidi, halafu beba chako hata hivyo, maana kuna siku mlo hautapanda ndege. Andika kikaratasi kwa lugha ya wenyeji: ngano, shayiri, rai, mchuzi wa soya, kimea, mafuta yaliyokaangiwa vitu vya unga. Mchele, mahindi na viazi ni salama kama havikuchangia sufuria na unga wa ngano.

Nilipata taabu hata kanisani. Hostia, ule mkate wa komunyo, isiyo na gluteni kabisa hairuhusiwi kwetu Wakatoliki, ila yenye gluteni kidogo sana inakubalika. Padri wetu alikuwa hajui, tulikaa naye mezani tukasoma barua ya Vatikani ya 2017. Sasa mwanangu ana chombo chake kidogo chenye kifuniko, na ndiye anayekipeleka mwenyewe.

Tausi Mkimya

Nitakula watakachopika.

Najua mtanisema. Nakwenda ukweni kujitambulisha kwa mara ya kwanza. Watu 20 na zaidi, nyumba moja, sufuria moja. Siwezi kuingia mlangoni na kikaratasi. Nimeshapiga hesabu: siku 9 za kula, wiki 2 za kuugua nikisharudi, basi. Tiketi imelipwa na haibadilishwi. Ndiyo maana niliulizia dawa yenye nguvu. Sikuuliza habari ya chakula.

Kaka Bashasha

Ukweni ni sahani 😂 Mimi nilimaliza tatu, baba mkwe akasema huyu ni mtu wa kazi, nikapewa mke siku hiyohiyo.

Mama Pacha

Kaka, leo hapana.

Tausi mwanangu, kipande kimoja cha mkate kina takribani gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2000. Chakula kikiitwa hakina gluteni, kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, ni miligramu 20 kwa kilo nzima. Na watafiti wengi hukadiria mgonjwa asivuke kama miligramu 10 kwa siku. Wewe unapanga siku 9! Kidonge cha maumivu hakiizuii kinga ya mwili kukwangua vijinyweleo vya utumbo wako. Kitakunyamazisha wewe tu. Na kwa mtu mzima vijinyweleo hivyo huchukua miezi kurudi, wengine miaka. Neva zako zimeshaumia mara moja.

Mpenda Kumbukumbu

Niongeze kidogo hapo. Jambo hili la mkate lilimshughulisha daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Katika njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 mkate uliadimika, na wale watoto aliowatibu wenye siliaki, ambao ungedhani wangekuwa wa kwanza kufa, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Kabla yake wagonjwa walilishwa ndizi bila mtu kujua kwa nini zinasaidia. Kila nikiifikiria nakosa usingizi: watoto wananenepa katikati ya njaa kwa sababu sumu yao imekosekana.

Msafiri wa Mbali

Mchumba wako anajua?

Tausi Mkimya

Anajua yote. Yeye ndiye aliyesema tusiwaambie kwanza. Mama yake alimuuguza baba yao miaka mingi, na kauli yake ni kwamba hataki mwanawe aoe kazi ya hospitali. Si mtu mbaya. Ananipikia, na mwiko wangu huuosha peke yake. Anataka tu wanipende kwanza.

Wakili wa Moyo

Muache. Leo hii. Mwanamume anayekutaka ule sumu ili mama yake atabasamu hafai. Mimi nilivumilia miaka sita ya "tusiwaambie kwanza", nyumba, deni, hadi mimba iliyoharibika. Kila kitu kilikuwa siri yangu kuibeba. Nilipoondoka nililala siku mbili mfululizo.

Mzee Mtulivu

Usivunje nyumba za watu kwa kibodi. Kijana ameogopa, hajatenda uovu.

Chunguza Kwanza

Wakuu, naona tunanyweshwa chai. Angalieni wenyewe. Mosi, vinyama vya kuthibitisha siliaki huchukuliwa utumbo mdogo, sehemu ya mwanzo kabisa. Yeye kasema utumbo mpana. Pili, hataji anatoka wapi wala anakwenda wapi. Tatu, kila mkimbana anatoa jipya: kwanza tumbo, halafu vidonge vya marehemu, halafu ukweni, halafu mama mkwe. Hivyo ndivyo hadithi inavyotungwa. Nina dada yangu mgonjwa kweli, na watu wa namna hii ndio wanaofanya asiaminiwe.

Kaka Bashasha

Kwa kweli hata mimi nimeanza kusita.

Tausi Mkimya

Nimekosea neno, ni utumbo mdogo. Sijui majina ya ndani ya tumbo langu, najua kilichonipata.

Walinipulizia kitu kichungu kooni, ulimi ukafa ganzi. Mate yakajaa, nikawa sijui kama nayameza au yananitoka. Wakaniweka kipande cha plastiki katikati ya meno, kina tundu. Nililala ubavu wa kushoto. Muuguzi alishika kidole changu kimoja tu, hiki kidogo, kwa sababu mkono mwingine ulikuwa na sindano, akawa anahesabu kwa sauti ya chini. Alifika 212. Baba alikuwa nje amenishikia viatu. Alikuwa ameanza kuumwa na hakusema.

Sitaji mahali kwa sababu wifi zangu wanasoma majukwaa kama haya. Na ninatoa kidogokidogo kwa sababu ndivyo nilivyozoea kutoa.

Muuguzi wa Zamu

Ubavu wa kushoto, plastiki yenye tundu, ganzi chungu. Ndivyo tunavyofanya. Chunguza, ukali wako una sababu, ila hapa umemkosea.

Chunguza Kwanza

Nisamehe dada. Dada yangu alilia kipindi kile cha ganzi, alidhani anazama. Nimemsomea ulichoandika. Anakuuliza: kati ya hao watu 20, hakuna hata mmoja unayeweza kumwambia?

Tausi Mkimya (baada ya siku 4)

Nimerudi. Swali la dada yake Chunguza lilinikalia kifuani.

Jana nilimpigia wifi mdogo, yule tunayetumiana picha. Mchumba nilimwambia kabla, akanyamaza muda mrefu kisha akasema, "Basi nami nitakuwepo kwenye simu." Nilimweleza wifi yote, pamoja na miguu. Hakuniuliza kama nitaweza kuzaa wala kazi nitafanyaje. Aliniuliza, "Na kijiko cha kukorogea nacho kiwe cha peke yake?" Nikashindwa kujibu, nikawa nalia. Akasema atanunua sufuria mpya, atapika yeye, na mama atamwambia mwenyewe siku ikifika. Hiyo ya mama bado inanitia hofu, sidanganyi.

Kiti cha magurudumu nimeomba. Jumatatu namwona daktari kwa ajili ya barua na kuuliza kama dozi ya usiku inaweza kurekebishwa.

Muuguzi wa Zamu

Mwoneshe na zile tramadoli. Na usizitupe chooni wala kwenye taka, zirudishe duka la dawa.

Tausi Mkimya

Nimezitoa kwenye mkebe wa vitamini, nimezirudisha kwenye boksi lake lenye jina la baba. Liko hapa mezani. Jumatatu nitalibeba.