Tupeane uzoefu: duka zuri la kuzamia ulilijuaje?

Wakuu, salaam. Nilipomwambia mama naenda Nungwi kujifunza kuzamia, alinyamaza kidogo, akauliza, "Meli ya wapi hiyo, mwanangu?" Nikamweleza ni kuzamia kwa mtungi mgongoni, kutazama samaki. Akasema afadhali ile ya meli.

Duka la kwanza waliniuliza nalipa dola au shilingi, basi. La pili wakanipa fomu ya afya, na nilipojaza kuwa nina pumu, mwalimu akaweka kalamu chini: "Hapo kaka, mpaka uje na karatasi ya daktari." Nilitoka nimenuna. Baada ya wiki mbili nilirudi na karatasi, kwa huyohuyo. Kozi siku nne, kina mwisho mita 18. Nyie lenu mlilijuaje?

Popo wa Chole: Mie nimejaza mitungi Mafia miaka sita. Boti nzuri isikuhadae, omba uoneshwe kompresa, ile mashine ya kujazia hewa mitungini. Mdomo wake wa kuvutia hewa ukiwa karibu na moshi wa jenereta, chukua viatu vyako uondoke. Moshi ule unaingia mtungini, na sumu yake haina harufu, tena kadiri unavyoshuka ndivyo inavyokuzidi. Kisha angalia shingo ya mtungi, tarehe ya kupimwa imegongwa palepale kwenye chuma. Ikipita miaka 5, usiuvae. Wageni huuliza chakula cha mchana ni nini, hili hawaulizi.

Kusi Tupu: Mimi nilipelekwa Mnemba na duka ambalo silitaji. Watu kumi na mmoja, kiongozi mmoja. Mkondo ukatubeba, geji yangu ya hewa ikashuka mpaka baa 40 wakati tuliambiwa ikifika 50 uwe umeshafika juu. Nikampa ishara. Akanionesha kasa. Kasa! Tukapanda mbiombio, zile dakika tatu za kutulia mita tano kabla ya kutoka majini hazikuwepo. Kwenye boti nikaulizia oksijeni, nikapewa soda.

Mama Ukunda: Pole sana ndugu yangu. Wetu wa Diani, Julai ile kusi imechacha, alitoka akatazama maji yanavyopasuka kwenye mwamba, akaturudishia pesa zote, kisha akatupikia chai. Tukashinda pale tukimwona akifungua regulata, vile vifaa vya kupumulia, moja moja na kuzisafisha. Siku nyingine nikamwambia nina ndege kesho asubuhi. Mbizi ya mchana akaninyima katakata, eti lazima zipite saa 18 kabla ya kupanda ndege. Nilimlilia, wapi!

Mgeni wa Bara: Na sisi tusiojua kuogelea, tunapokelewa?

Popo wa Chole: Mita 200 kwanza, mkuu, halafu uelee dakika 10 bila kushika kitu. Duka likikwambia si lazima, mjibu kama mama yake mwenye uzi: afadhali meli.